Nusu Mzunguko Uliobaki

Boti ilikwenda kama mlevi anayejua nyumba yake iko wapi lakini hajui mlango uko upande gani. Ilielemea kulia, ikajishtukia, ikarudi kushoto, ikapitiliza, ikajishtukia tena. Nyuma yake povu lilijichora majini kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Usukani wenyewe ulikuwa umetulia tuli bila mtu kuushika, na kwenye kioo kidogo cha mashine mpya namba zilipanda na kushuka kama bei za sokoni.

"Zima," alisema Mjomba.

Cherehani hakuzima. "Subiri kidogo. Labda bado inajifunza."

"Inajifunza nini, kuogelea? Zima, mwanangu, kabla haijatupeleka kwenye mawe."

Cherehani akabonyeza kitufe chekundu. Mjomba akaushika usukani na kuirudisha boti gatini polepole mno, kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayesukuma kitoto cha jirani kwenye kigari. Ilipogusa matairi yaliyoning'inizwa ukutani, sauti ikawapokea kutoka boti ya pili.

"Fundi! Hiyo boti umeiwekea nahodha au umeiwekea ngoma?"

Huyo alikuwa Redio, baharia wa boti ya jirani. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana gati zima limekwisha kuisikia, na jioni inarudi kwake ikiwa na mkia na pembe.

"Nimeiwekea masikio," alijibu Cherehani. "Ndiyo maana inakukwepa wewe."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameshaanza kufungua skrubu za kifuniko cha mashine kabla kamba hazijafungwa.

Jina la Cherehani alipewa na Mjomba huyo huyo akiwa na miaka saba, kwa sababu kila alipokaa, mguu wake ulikanyaga sakafu, ukakanyaga, ukakanyaga, kama anamshonea nguo mtu mwenye haraka. Mjomba ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na alimlea ndani ya boti. Akiwa na miaka kumi na mitano aliweza kuileta boti gatini bila kukwaruza hata rangi. Lakini kuendesha boti kunataka mtu wa kusimama mahali pamoja, na kusimama mahali pamoja ndicho kitu pekee ambacho Mjomba alishindwa kumfundisha. Akaenda karakana, akashika spana. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na kwa kazi ya pampu, silinda na mipira ya oili, wenye matipa na wenye winchi walimfuata yeye na kuwaacha mafundi watatu wanaume wa jirani.

Kazi hii ya leo haikuwa kama nyingine. Boti ilikuwa ya Tajiri, mama mmoja mfanyabiashara aliyepeleka unga, sabuni na mabati ng'ambo ya pili, mwendo wa saa kumi na mbili. Kwa miezi miwili Mjomba alikuwa amemganda Tajiri amnunulie otopailoti, ile mashine ya kuendesha boti yenyewe. Alisema amechoka kusimama. Alisema boti zote za siku hizi zinayo. Alisema itapunguza mafuta. Tajiri aliposikia mafuta, akakubali, lakini kwa neno moja.

"Nitakuja mwenyewe niione. Ikifanya kazi, kesho alfajiri unaondoka na mzigo wangu. Isipofanya, mashine inarudi dukani, na kwa kuwa umeniambia kwa mdomo wako kwamba umechoka, nitampa usukani mkwe wangu. Ana cheti kipya, bado kinanukia wino."

Mjomba alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka, wala hakuwa na kazi nyingine aliyowahi kuifanya. Alikuwa na usukani ule, na kitambaa chekundu alichokuwa amekifunga kwenye mkono mmoja wa usukani huo ili ajue boti imenyooka lini.

Tajiri alisema atafika saa nane. Wakati huo ilikuwa saa nne na robo.

Cherehani alianza upya, mwanzo hadi mwisho. Akapima nyaya, zikawa sawa. Akaitazama dira ya mashine, ile aliyoifunga kwenye ukuta wa mbao mbali na chuma chochote, akainusanusa kana kwamba kosa lina harufu. Ikawa sawa. Akashika nati za tii mbili, vile viungo vya njia tatu alivyokuwa ameviingiza kwenye mipira ya usukani ili kuungia pampu ya umeme; hakuna hata tone lililovuja. Akatoka nje, akarudi ndani, akapanda juu, akashuka. Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe cha chai mkono wa kushoto, mkono wa kulia mfukoni mwa koti kama mkubwa anayesubiri gari lije kumchukua.

"Utatoboa sakafu kwa kutembea," alisema.

"Nikitoboa nitaiziba. Hebu niambie, usukani ukiushika unauonaje?"

"Kama usukani."

"Mgumu? Laini?"

Mjomba akanywa chai kidogo. "Laini kidogo."

Laini. Neno hilo lilimwingia Cherehani kama jiwe kwenye kiatu. Usukani wa namna ile hauna minyororo wala kamba. Ukizungusha, unasukuma oili ndani ya mipira mpaka nyuma, na oili inasukuma silinda, na silinda inageuza bapa lililo majini. Oili ina adabu: ukiisukuma hapa, inafika kule. Upepo ukiingia humo hauna adabu. Ukiusukuma hapa unajikunja, unakucheka, halafu unakurudishia. Mtu mwenye mikono hasumbuliwi na upepo kidogo. Anaongeza, anapunguza, safari inakwenda. Lakini mashine haina uzoefu. Inaamuru bapa ligeuke, bapa linachelewa, inaamuru zaidi, bapa linapitiliza. Ndiyo ngoma aliyoiona Redio.

Lakini upepo walikuwa wameutoa! Tangu alfajiri waliutoa, wawili, kwa namna yao ile ile ya siku zote. Nyuma ya boti kulikuwa na shimo jembamba linaloingia kwenye silinda, na aliyeweza kuingia humo ni Cherehani peke yake. Alilala kwa ubavu, shavu kwenye mbao zenye mafuta, tochi mdomoni, mpira mwembamba ukitoka kwenye kijiskrubu cha silinda kuingia kwenye chupa. Fimbo ya silinda hakuiona. Ilijificha nyuma ya tangi. Kwa hiyo katika kazi hiyo sauti ndiyo macho. Mjomba alizungusha usukani akihesabu kwa sauti, naye akahesabu nyuma yake. Mjomba akifika ambapo usukani haugeuki tena, anaukandamiza hapo na kuita, "Mwisho!" Naye anajibu, "Nimesikia mwisho!" ndipo anafungua kijiskrubu, na upepo unatoka ukibwabwaja kwenye chupa. Hakuna anayefungua kabla ya kusikia. Aliwahi kufungua mapema siku moja, akiwa msichana, na shati jeupe la Mjomba la kwendea harusini lilikuwa limeanikwa karibu. Shati hilo lenye madoa ya oili linatajwa mpaka leo.

Walifanya hivyo mara nane kila upande, mpaka chupa ikaacha kubwabwaja. Upepo huo mwingine ulikuwa umekaa wapi?

Saa sita na nusu alikuwa amemaliza kila kitu cha kupima. Mjomba akamsukumia kiti cha nahodha.

"Kaa. Dakika tano tu. Kichwa kinapoa mwili ukikaa."

Akakaa. Mguu ukaanza. Mikono, kwa kukosa kazi, ikashika usukani ikaanza kuuchezea, kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Alihesabu bila kutaka, kama mtu anayehesabu ngazi. Kitambaa chekundu kilipita juu mara moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita. Hapo usukani ukagoma.

Mguu wake ukasimama.

Alfajiri, upande wa kulia, Mjomba alikuwa akihesabu mpaka wapi? Aliisikia sauti yake wazi, ikimjia kupitia mbao. Tano… na nusu… mwisho! Mara zote nane. Tano na nusu.

Akarudia. Upepo unaweza kumdanganya mtu nusu mzunguko, hilo alilijua, kwa hiyo mara hii alikwenda polepole, akakandamiza kwa uzito wake wote. Sita, na mwisho wake ulikuwa mgumu kama ukuta. Akarudisha mpaka tano na nusu. Pale hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na kitu chochote cha kumzuia mtu, isipokuwa mtu mwenyewe.

"Mjomba," alisema bila kugeuka. "Njoo unizungushie kulia."

"Ndiyo kwanza nimekaa."

"Zungusha tu."

Akaja. Akazungusha kwa mkono wa kushoto.

"Na ule mwingine?"

"Una kazi yake mfukoni."

"Utoe."

Mjomba akatazama maji. Halafu akautoa. Mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua, ukanasa hapo, kama geti lililokwama kwenye jiwe. Midomo yake ikawa myeupe. Akaushusha kwa kuusaidia na mkono wa pili.

"Toka lini?"

"Toka ule mzigo wa mabati."

"Miezi miwili! Mjomba, miezi miwili unaendesha boti na bega bovu?"

"Punguza sauti. Redio yuko hewani."

Cherehani akapunguza sauti, lakini hakuweza kupunguza miguu. Alikwenda mlangoni, akarudi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia wewe ni kuliambia gati. Uso wako hauna mlango. Na nilijua ukifunga hii mashine, basi. Itashika yenyewe, bega litapumzika, nani angejua? Kushoto ninaelemea kwa mwili, inakwenda. Kulia pale mwishoni ndiko linakogoma. Nikasema nusu mzunguko ni kitu gani."

"Nusu mzunguko ndiko upepo ulikolala."

"Nimekuongopea mara moja tu katika maisha yangu."

"Kulia uliita mwisho mara ngapi?"

Mjomba akafikiri kwa uaminifu. "Nane."

"Basi ni mara nane."

Hapakuwa na muda wa kukasirika zaidi ya hapo. Kazi ilitaka watu wawili, mmoja wa kukandamiza usukani, mmoja wa kulala shimoni. Wakabadilishana. Cherehani akashika usukani, Mjomba akaenda nyuma akaingiza miguu kwenye shimo, kisha magoti, kisha tumbo likasema hapana kabla hata mabega hayajaulizwa. Alibaki pale nusu ndani nusu nje, mkono mmoja ukipapasa hewa.

"Vuta pumzi," alisema Cherehani akimkokota.

"Nimevuta zote. Zimekwisha."

Alipotoka, koti lilikuwa na mafuta mpaka kwenye kola. Wangeweza kumwita Redio, ambaye alikuwa mwembamba kama ufagio. Lakini kumwita Redio ni kumwita Tajiri, mkwe wake na nusu ya mji.

Ndipo waliposikia mlio wa viatu kwenye ubao wa kupandia. Ilikuwa saa saba na nusu. Tajiri hakuwahi kuwahi popote, leo aliwahi.

Alikuwa mama mnene, mwenye mwavuli uliokunjwa na mikono ya mtu aliyewahi kubeba magunia kabla hajawa na magunia yake. Aliwatazama wote wawili, akatazama mafuta kwenye koti.

"Nimeambiwa boti yangu imecheza."

"Redio," alisema Mjomba kwa uchungu.

"Amenipigia simu kabla hamjafunga kamba." Akamgeukia Cherehani. "Binti, imekufa?"

Cherehani alihisi uso wake unataka kusema kila kitu. Akainama kuokota chupa ili uso upate mahali pa kujificha.

"Haijafa, Mama. Ina upepo ndani ya mipira. Nahitaji mikono. Mimi niko shimoni nyuma, mjomba anajaza oili hapa juu isipungue, na mtu wa tatu anazungusha usukani mpaka unapogoma. Tafadhali shika wewe."

Haukuwa uongo. Oili lazima ijazwe. Kazi hiyo kwa kawaida Mjomba aliifanya katikati ya mizunguko. Tajiri alimtazama nahodha wake akichukua dumu la oili kwa mkono wa kushoto. Akauegemeza mwavuli wake ukutani, akakunja mikono ya gauni.

"Nitaita nini?"

"Hesabu kwa sauti. Ikigoma kabisa, kandamiza, ita mwisho. Usiite kabla."

Shimoni Cherehani alilala kwa ubavu, tochi mdomoni. Sauti ya Tajiri ilikuja kupitia mbao, nzito, kama anahesabu mizigo inayoshushwa. Nne. Tano. Sita. "Mwisho!"

"Nimesikia mwisho!"

Akafungua. Chupa ikapiga kelele. Upepo ulitoka mfululizo, mapovu makubwa kama macho ya samaki, mengi kuliko yote aliyoyaona alfajiri. Akafunga. Wakarudia. Mara ya tatu yakawa madogo. Mara ya sita oili ilitoka safi, kimya. Akafanya mbili za juu yake kwa sababu hakuweza kuacha.

Saa tisa kasorobo walikuwa nje ya gati, maji yamefunguka mbele. Cherehani akabonyeza kitufe. Mashine ikalia mara moja, pampu ikakoroma chini ya sakafu, na boti ikashika njia. Namba kwenye kioo zilisimama. Nyuma, povu lilikwenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa na mshonaji.

Tajiri aliutazama usukani kwa mashaka. "Mbona hauzunguki? Nani anaendesha?"

"Pampu inalisukuma bapa nyuma moja kwa moja. Usukani unakaa tu."

"Kama mume wangu wa kwanza," alisema Tajiri, na Mjomba akacheka, cheko la mtu anayeshusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Walikwenda nusu saa. Wakageuza kwa vitufe, wakarudi, mstari ulikuwa ule ule. Mjomba alikuwa ameshaanza kupiga mluzi. Gati lilipoonekana, Tajiri akajifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri.

"Mashine nimeiona," alisema. "Sasa nione mtu. Izime, Nahodha. Unifikishe kwa mkono."

Mluzi ukakatika.

Hakuna mashine inayofunga boti gatini. Pampu ya umeme inakwenda polepole, na gatini mambo ni ya haraka: mkono wa kushoto uko kwenye gia, wa kulia uko kwenye usukani, kulia yote, kushoto yote, rudi nyuma, kulia tena. Asubuhi gati lilikuwa na boti ya Redio tu na maji yamelala. Sasa boti mbili zilikuwa zimefunga, kukiwa na nafasi moja katikati yake, na upepo wa mchana ulikuwa umeamka.

Mjomba akabonyeza kitufe chekundu. Akaweka mkono wa kushoto kwenye gia. Wa kulia ukatoka mfukoni, ukapanda, ukashika usukani kwa chini, pale ulipoweza kufika. Cherehani alisimama nyuma yake akijilazimisha kutotikisika. Vidole vyake vilijikunja na kukunjuka. Angeweza kusema kitu. Angeweza kusema ameona taa inawaka, aseme pampu ina joto, aseme lolote. Tajiri alikuwa anaangalia mbele, si mkono wa mtu.

Nafasi ikakaribia. Boti ya Redio ilikuwa upande mmoja, na Redio mwenyewe amesimama kwenye ukingo, mikono kiunoni. Upepo ukaanza kuisukuma pua ya boti. Ilitakiwa kulia, kulia yote, sasa. Mjomba akavuta. Kitambaa chekundu kikapanda nusu, kikabaki pale.

Alivuta tena. Jasho lilimtoka kwenye shingo, likashuka kwenye kola yenye mafuta.

"Cherehani," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaomba chumvi. "Njoo shika. Mimi siwezi."

Alishafika kabla neno halijaisha. Mikono ilijua yenyewe: kulia yote, gia nyuma, kushoto, gia mbele kidogo, acha. Boti ikajipinda kiuno, ikapita pembeni ya Redio kwa umbali wa mkono mmoja, ikagusa matairi bila kishindo. Redio alirukia ndani ya boti yake kwa woga, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutangaza.

Kamba zilipofungwa, Tajiri alikaa kwenye benchi. Mjomba alibaki amesimama.

"Toka lini?"

"Toka mabati."

"Siku ile nilikuuliza. Ukasema umechubuka."

"Nilichubuka pia."

"Nilikuona ukimimina oili kwa kushoto," alisema Tajiri. "Nikasema ngoja nione ataniambia, au atanigonga ukutani na unga wangu." Mwavuli ulichora vimistari sakafuni. "Umechelewa kuniambia. Lakini umeniambia kabla ya ukuta."

Mjomba alikuwa anakifungua kile kitambaa chekundu kwenye usukani, kwa vidole vya mkono mmoja, na fundo lilikuwa la miaka mingi.

"Acha hicho," alisema Tajiri. "Nani amekuambia ufungue? Kesho mzigo unaondoka na wewe ndiye unayeijua njia. Mkwe wangu anajua cheti. Ila gati la kule ni jembamba kuliko hili." Akamtazama Cherehani.

"Mimi nina karakana, Mama."

"Karakana haina miguu, utaikuta. Unakwenda, unafunga kule, unarudi, unafunga hapa. Na mkirudi anakwenda kuonyesha hilo bega hospitali. Nikisikia hajaenda, sitauliza mara ya pili."

"Saa kumi na mbili," alisema Cherehani. "Kusimama tu? Bila kazi?"

"Unaweza kukaa," alisema Mjomba.

Kesho yake, saa ya tatu ya safari, boti ilikuwa inakata maji kama mkasi. Usukani umetulia, kitambaa chekundu kiko juu katikati. Mjomba alikuwa amejilaza kwenye benchi, mkono wa kulia juu ya mto, macho yamefumba. Hakuna aliyejua daktari atasema nini, na yeye alikataa kulizungumza. Cherehani alikuwa amekwisha kuingia shimoni mara nne kushika nati zisizovuja.

"Kaa," alisema Mjomba bila kufumbua macho.

"Nimekaa."

"Mguu wako haujakaa. Unanitikisia benchi."

Akaubana mguu kwa viganja viwili. Ukatulia. Akatazama kioo, namba hazikuwa zimehama.

"Saa zimebaki ngapi?"

"Tisa."

Akahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Halafu akaichukua tochi, akaiweka mdomoni, akaelekea nyuma.